Nuru Chini ya Maji

Nuru ya jua ishukapo baharini haifiki yote. Maji huitoza ushuru, wala hayatozi rangi zote kwa kipimo kimoja. Nyekundu hutozwa kwanza, ikifuatwa na rangi ya machungwa, kisha manjano. Buluu huachiwa ipite karibu salama. Mtu azamaye mita tano tu amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya wekundu wa jua la adhuhuri, na akifika mbali zaidi kitambaa chekundu alichofunga mkononi huonekana cha kijivu kilichokolea, karibu na weusi. Mvuvi avuaye samaki mwekundu kilindini humwona mwekundu mara ya kwanza samaki huyo anapotua ndani ya chombo. Hii ndiyo sababu picha nyingi zilizopigwa chini ya maji zina rangi moja, kama nguo zilizolowekwa pamoja na kanga mpya ya buluu.

Vita vya watu dhidi ya ushuru huo si vya leo. Katika mwaka wa 1893 Mfaransa mmoja, Louis Boutan, mwanachuoni wa viumbe vya baharini, alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, kwa kamera iliyofungwa ndani ya sanduku lisilopenya maji. Nuru ilikuwa haba hata picha nyingine ikamtaka angoje nusu saa nzima bila ya kamera kutikisika. Yeye na wenzake wakajaribu kuiteremsha nuru pamoja nao: waliweka taa ya spiriti juu ya pipa lililojaa oksijeni, wakapuliza unga wa magnesiamu katika mwali wake. Katika mwaka wa 1926, huko Dry Tortugas katika jimbo la Florida, Marekani, William Longley na Charles Martin walitaka picha za samaki zenye rangi zao halisi. Walieleza magnesiamu juu ya chelezo wakailipua juu ya vichwa vyao, ili mwanga wake upenye maji kwa nukta moja. Picha walizipata, na zilichapishwa Januari 1927. Lakini baruti hiyo ilimwunguza Longley vibaya. Baadaye Harold Edgerton wa Marekani aliitengeneza taa ya mmweko iendeshwayo kwa umeme, na tangu 1953 alisafiri na Mfaransa Jacques Cousteau akiizamisha taa yake vilindini. Leo taa ya namna hiyo hushikwa kwa kiganja kimoja, nayo hula betri nne ndogo kama zile za kurunzi.

Nimeyataja hayo ili msomaji kijana asidhani kwamba chombo nitakachokieleza ni mchezo wa watalii. Sisi tulikitafuta kwa sababu ya ugomvi.

Katika kijiji kilicho karibu na shule yetu wavuvi walitenga kipande cha mwamba, wakapatana kwamba mtu asitege wala asitupe wavu humo, ili samaki wapate mahali pa kuzalia. Mahali pa namna hii katika pwani yetu huitwa tengefu. Lile la Kuruwitu, wilayani Kilifi kama tulivyozoea kusema zamani, limejulikana sana. Kisha likaja joto la 2024, lililopausha matumbawe katika sehemu nyingi za dunia, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo. Wazee waliokumbuka joto la 1998, lililoua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya, walianza kunong'ona. Mwaka haukwisha kijiji kikawa pande mbili. Upande mmoja ulisema, “Matumbawe ya tengefu yamekufa yote, basi tunalinda kaburi. Lifunguliwe, watoto wale.” Upande wa pili ulisema kwamba mengi yamerudi, na kulifungua sasa ni kumchinja kuku atamiaye. Kila upande ulikuwa na watu waliozama na kuona kwa macho yao, na hakuna aliyekuwa mwongo.

Hapo ndipo penye fumbo. Tumbawe ni mnyama, na rangi yake hutokana na vimelea vya mwani, vidogo visivyoonekana kwa macho, viishivyo ndani ya nyama yake na kumlisha. Maji yakipata joto kupita kiasi vimelea hivyo hutoka, mfupa mweupe ukaonekana kupitia nyama, na hii ndiyo maana ya kupauka. Joto likipungua upesi, vimelea hurejea na tumbawe hupata rangi yake ya kahawia. Likikawia, mnyama hufa, na mwani wa nje humea juu ya mifupa yake, nao pia huwa wa kijani kibichi au wa kahawia. Basi katika maji yaliyokwisha kunyang'anya wekundu na manjano, kahawia ya uhai na kahawia ya mauti hufanana kama mapacha gizani. Macho ya wazamiaji yalikuwa mazima. Nuru ndiyo iliyokuwa pungufu.

Chama cha sayansi cha shule yetu kilikuwa na kamera ndogo ya kawaida, iliyopatikana pamoja na kasha lake kwa bei ya kitu kilichotumika. Fedha za taa zilikusanywa kwa ada za wanachama na kwa kuuza mboga za bustani ya shule, muda wa mihula minne. Nataja muhula kwa muhula ili ieleweke kwa nini mikono yangu ilikuwa mizito kila nilipokifunga kile kitasa. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuvihesabu vyombo vya maabara kabla na baada ya somo. Hatukufundishwa kuvitumbukiza baharini.

Kazi huanzia mezani. Chumba kiwe hakina upepo, feni izimwe, na meza ipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kasha ni la plastiki ngumu iangazayo, lililofinyangwa kulingana na umbo la kamera, na kila kitufe cha kamera kina kijiti chake kinachopenya ukuta wa kasha. Mlango wake uko nyuma, una bawaba upande mmoja na kitasa upande wa pili. Baina ya mlango na mwili wa kasha kuna mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji umelala uzi wa mpira ulioungana, mnene kama bua la njiti ya kibiriti. Mafundi huuita pete. Mali yote ya chama ilitegemea pete hiyo.

Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, ndiye aliyepewa hataza ya pete hiyo katika mwaka wa 1939, naye alikuwa amekwisha kuvuka umri wa miaka sabini. Uzuri wa fikira yake ni huu: mlango ufungwapo, pete hubanwa kidogo, maji yakija na nguvu zake huisukuma pete izidi kujaza mwanya, hata adui mwenyewe akawa ndiye afungaye mlango. Kila mita 10 za kina huongeza uzito wa kilo moja hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mlango wenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 8 hubeba basi, katika kina cha mita 10, zaidi ya gunia zima la mahindi la kilo 90. Plastiki haivunjiki, na pete haipitishi tone. Ajabu ni kwamba hatari kubwa zaidi iko juu juu, katika mita moja au mbili za kwanza, kabla maji hayajapata nguvu za kuibana pete barabara. Mtu akiyapita hayo salama aweza kupumua, ikiwa ana pumzi ya kupumua.

Lakini pete haivumilii uchafu. Nimeona kamera ya mgeni mmoja iliyojaa maji ya chumvi mpaka kwenye kioo, na kasha lilipofunguliwa tukakuta unywele mmoja umelala juu ya mpira, kutoka ndani hadi nje, kama daraja. Maji hayakuhitaji njia pana zaidi ya hiyo. Kwa hiyo pete hutolewa katika mfereji wake kwa ncha ya kidole au kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa sindano wala kisu. Huvutwa polepole baina ya vidole viwili, na vidole husikia yale macho yasiyoyaona: punje ya mchanga, chembe ya chumvi, mkwaruzo. Mfereji nao hupanguswa kwa pamba ya kijiti, kisha pamba yenyewe itazamwe isiwe imeacha unyuzi. Ndipo pete hupakwa grisi ya silikoni iliyokuja na kasha, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Watu wengi huipaka tele wakidhani kwamba grisi ndiyo izuiayo maji. Sivyo. Grisi huifanya pete iteleze na kukaa sawa bila kujipinda. Ikizidi, hugeuka gundi ya kukamatia mchanga. Mafuta ya nazi na ya kujipaka yabaki kwa nywele na ngozi.

Mlango ukisha fungwa, geuza kasha mwangani uitazame pete kupitia plastiki. Mahali ilipobanwa huonyesha mstari uliokolea, nao yapasa uzunguke mlango mzima usikatike hata mahali pamoja. Ukikatika, fungua uanze upya, hata kama nahodha anapiga kelele ufuoni kwamba maji yanapwa.

Jaribio la kwanza halina kamera ndani yake. Kasha tupu hutiwa kipande cha karatasi laini, hufungwa, na huzamishwa ndani ya ndoo kwa nusu saa likikandamizwa na tofali, kwa maana kasha tupu huelea kama kifuu cha nazi. Likitolewa na kukaushwa, karatasi huguswa. Wanafunzi wangu waligombania kuigusa karatasi ile kuliko walivyowahi kugombania kitabu chochote nilichowapa. Ilikuwa kavu.

Kuna jambo la unyevu pia. Hewa ya pwani yetu ni nzito kwa mvuke, na kasha likifungwa mchana wa joto kisha likatumbukizwa katika maji baridi zaidi, mvuke huo huganda kuwa ukungu mbele ya lenzi. Tulilifunga alfajiri, tukaweka ndani yake vile vifuko vidogo vya chembe zinyonyazo unyevu vipatikanavyo katika makasha ya viatu vipya, baada ya kuvikausha.

Kibao na mikono yake havina maneno mengi. Kibao ni bamba la alumini lililokazwa chini ya kasha kwa skrubu moja, katika tundu lile lile ambalo mpiga picha wa nchi kavu hulitumia kwa miguu mitatu ya kamera. Kina vishikio viwili. Juu ya kishikio kuna tufe dogo, na mkono wenye vipande viwili huunganishwa hapo kwa vibanio, kama bega, kiwiko na kifundo cha mkono wa mtu. Mwishoni mwa mkono hukaa taa. Vibanio vikazwe kiasi cha kukubali kusukumwa na kukataa kuanguka.

Taa nayo ina pete yake katika kifuniko cha betri, nayo husafishwa kwa adabu ile ile. Lakini taa itajuaje wakati wa kuwaka, na hakuna waya wa umeme unaopenya kasha? Kamera ina mmweko wake mdogo wa asili. Kasha hushikizwa uzi wa plastiki upitishao nuru, ncha moja mbele ya mmweko wa kamera, ncha nyingine kwenye jicho dogo la taa. Kamera ikimweka, nuru hupita ndani ya uzi kama maji katika mfereji. Jicho huiona, na taa kubwa huwaka papo hapo. Dirisha la mmweko wa kamera huzibwa kwa karatasi nyeusi, ikiacha tundu la uzi tu. Kamera nyingi ndogo humweka mara mbili, ya kwanza ili kupima nuru na ya pili ili kupiga picha, bila ya jicho la mtu kuzitambua kuwa mbili. Taa hupasa kupangwa ijue desturi hiyo. Isipopangwa huwaka kwa mmweko wa kwanza, na picha hutoka nyeusi. Jambo hili halionekani kwa kutazama. Hujulikana kwa kupiga picha chache chumbani kabla ya safari.

Sasa nije kwenye pembe ya taa, ambayo naiona kuwa elimu yenyewe ya kazi hii, kwa kuwa mengine ni unadhifu tu. Mtu apitaye Limuru usiku wa ukungu huwaona madereva wenye akili wakipunguza taa zao. Taa kali ikielekezwa mbele huangaza kila tone la ukungu, na dereva huona ukuta mweupe badala ya barabara. Bahari nayo ina ukungu wake: mchanga, vipande vya mwani, mayai na viumbe wadogo waeleao. Mmweko wa kamera ulio karibu na lenzi huvipiga vyote hivyo usoni, navyo huurudisha mwanga moja kwa moja ndani ya lenzi, na picha hujaa madoa kana kwamba imenyeshewa chokaa. Ndiyo maana mkono ukawa mrefu. Taa hupelekwa mbali kushoto au kulia, huwekwa nyuma kidogo ya uso wa lenzi, na huelekezwa nje kidogo, hata mtu asiyejua hudhani kwamba inatazama pembeni. Nuru yake hutawanyika kama upindo wa gauni, na upindo huo ndio ugusao tumbawe. Maji yaliyo baina ya lenzi na tumbawe hubaki gizani, na vumbi lake halionekani.

Umbali nao una sheria. Umbali wa taa ukizidishwa mara mbili, nuru ifikayo huwa robo, hata katika hewa safi. Majini kuna ushuru tena juu ya hiyo, kwenda na kurudi. Kwa hiyo taa ndogo kama yetu hufaa kwa kitu kilicho karibu, chini ya mita moja. Tena maji hudanganya, kwa kuwa kitu kilicho mbali mita moja huonekana kama kiko robo tatu za mita. Mpiga picha husogea, lakini asiguse. Guu moja likanyagalo tumbawe huharibu kazi ya miaka mingi.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo hapana shaka wasomaji wengine wanalo: “Mwalimu, kwani kompyuta haiwezi kuurudisha wekundu uliopotea? Hata simu inafanya hivyo.” Nilimjibu kwamba kompyuta yaweza kuongeza wekundu, ila haijui ulikuwa mahali gani. Hukisia. Kwa picha ya kutundika sebuleni kisio latosha, na pengine hupendeza kuliko kweli. Lakini sisi tulikuwa tunakwenda kutoa ushahidi mbele ya watu wenye njaa, kuhusu rangi, na shahidi akisiaye ni bora akae nyumbani. Tulichukua pia chati ya rangi za matumbawe, ile iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, yenye vivuli sita vya kila rangi, 1 kikiwa hafifu na 6 kikiwa kilichokolea, ili iwemo ndani ya picha pamoja na tumbawe na iangaziwe kwa nuru ile ile.

Tulikwenda mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na maji yakiwa meupe, katika siku za maji mafu ambapo mkondo huwa dhaifu. Nilizama kwa pumzi yangu, mita tatu hadi nne; wanafunzi walibaki chomboni pamoja na wavuvi wawili, mmoja wa kila upande, kama mkutano ulivyotaka. Kwa mara ya kwanza nilishuka mita moja tu, nikageuza kasha na kulitazama chini kwa ndani. Hakuna tone. Nikapanda, nikavuta pumzi, nikashuka.

Tumbawe la kwanza lilikuwa kubwa, la mviringo, lenye urefu wa mtoto. Kwa macho niliona jiwe la kijivu cha buluu. Taa ilipowaka, katika nukta ile niliona kahawia yenye joto, karibu na rangi ya asali, na katika picha vinywa vidogo vya wanyama vilionekana kimoja kimoja, vimepangwa kama masega. Kivuli chake katika chati kilikuwa 5. La pili lilikuwa la matawi, nalo machoni lilikuwa kijivu kile kile. Taa ilionyesha manyoya ya mwani wa kijani kibichi kila tawi. Halikuwa na kinywa hata kimoja. Lilikuwa limekufa muda mrefu. La tatu lilikuwa hai upande uliotazama bahari kuu na limekufa upande wa pwani, na mpaka baina ya pande hizo ulionekana wazi kama ukingo wa shamba lililolimwa nusu. Nilikwenda hivyo toka moja hadi jingine mpaka masikio yakanikataza.

Ufuoni kasha lilitumbukizwa lingali limefungwa katika ndoo ya maji ya mvua, kwa sababu ya kisima chetu yana chumvi, na vitufe vyote vikabonyezwa ndani ya maji ili chumvi itoke katika vijiti vyake. Halikufunguliwa mpaka lilipokauka kabisa.

Picha zilionyeshwa jioni ukutani mwa darasa. Yale ya mviringo mengi yalikuwa hai. Yale ya matawi mengi yalikuwa yamekufa. Hivyo kila upande ulipata kitu cha kusema, na walisema sana. Mzee aliyekuwa wa kwanza kutaka tengefu lifunguliwe aliomba arudishiwe picha ya tumbawe la tatu. Aliisogelea, akaweka kidole penye ule mpaka, akaniuliza, “Mwalimu, huu unakwenda upande gani?” Nikamwambia kwamba picha moja haiwezi kulijibu hilo, tupige nyingine mahali pale pale, kwa umbali ule ule na taa katika pembe ile ile. Mkutano ukakubaliana kungoja kaskazi ya pili, na tengefu likabaki limefungwa hadi hapo. Pembe za mkono nimeziandika katika daftari la chama, na pete mpya nimeiagiza, kwa kuwa hii iliyopo inakaribia kutimiza mwaka.